Mji wa Kale kwanza, Lamu baadaye: ushauri wa dereva wa tuktuk

Abiria wa likizo hunipa amri ile ile: "Nipeleke Fort Jesus, halafu bichi." Nampeleka, kazi ni kazi. Lakini nikimwona ni mtu wa kuzungumzika, humuuliza ana siku ngapi mkononi. Akiniambia tano au zaidi, namshauri azigawe hivi: mbili za Mji wa Kale wa Mombasa, zilizobaki azipeleke Lamu, tena kwa mpango huo huo, asigeuze. Anayeanzia Lamu huona punda, mchanga na milango iliyonakshiwa, akapiga picha akarudi kwao. Aliyekwisha kuzunguka mitaa ya Mombasa, akajua nani alishuka kutoka jahazi gani na akafungua duka la nini, akifika Lamu anawatambua wale wale. Kisiwa kinaanza kumwambia mambo.

Mimi ni mzaliwa wa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale, tuktuk yangu inalala Makadara, na mke nimeoa Lamu. Njia hii naipita kwa mapenzi na kwa lazima ya wakwe.

Uje lini

Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Ndiyo pepo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi; kusi ikishika, majahazi yale yale yakirudi makwao, na waliochelewa au walioona posho wakabaki. Nusu ya mitaa nitakayokupitisha ilianza hivyo. Kwako wewe msafiri, kaskazi maana yake ni jua kali na bahari tulivu, na mwisho wa Desemba bei za vyumba hupanda bila haya. Aprili na Mei ni masika. Usijibebeshe safari ya Lamu miezi hiyo. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna upepo mzuri ila bahari huchafuka, na mwenye tumbo jepesi atajuta ndani ya mashua. Mimi wageni wangu huwaita Septemba, Oktoba au Februari.

Ramadhani watu wengi wanaiogopa. Kweli mchana migahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa, na kula hadharani ni kuwavunjia watu heshima. Lakini kuanzia Alasiri meza za vitafunio hujaa barabarani, na baada ya tarawehe mji unaamka upya. Kama unaweza kuvumilia mchana, njoo mwezi huo. Ijumaa saa sita hadi saa nane mchana usipange chochote; maduka yanafungwa, njia zinajaa wanaokwenda msikitini.

Asubuhi ngome, Alasiri mitaa

Fort Jesus ingia asubuhi, mara tu inapofunguliwa, kabla mawe hayajapata moto. Beba simu yenye salio maana tiketi za makumbusho siku hizi hulipiwa huko huko kwenye simu. Sitakuhadithia sana: Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mtaliano aitwaye Cairati, Waomani wakaizingira tangu 1696 hadi wakaitwaa 1698, Waingereza wakaifanya jela hadi 1958. Waongozaji wa mle ndani wanajua kazi yao, walipe, wasikilize. Usitoke bila kupanda juu upande wa bahari ukaitazama ile njia nyembamba ya maji. Meli na majahazi ya karne zote yalipita hapo.

Kisha nenda ukale, ukalale. Mji wa Kale saa saba mchana hauna mtu wa kuzungumza naye. Rudi saa kumi jioni, kwa miguu. Nakwambia haya nami nakula kwa tuktuk: chombo kikikupitisha Ndia Kuu, mtaa mkuu wa Mji wa Kale, hutaona kitu, na vichochoroni hakiingii.

Ukianza Ndia Kuu, tazama juu. Roshani za mbao zilizochongwa ni kazi ya mafundi wa Kihindi wa karne ya 19, wengi wao waliopewa kazi na matajiri waliotaka nyumba ya biashara chini na familia juu. Angalia namna zilivyo na vitundu: bibi anamwona mpita njia, mpita njia hamwoni bibi. Baadhi zimeanza kuoza kwa chumvi na kwa warithi wasioelewana, kwa hiyo usisimame chini ya roshani inayoning'inia kwa ajili ya picha.

Ufuate mtaa mpaka bandari ya kale. Njiani utaikuta Leven House, iliyochukua jina la meli ya Kapteni Owen, Mwingereza aliyeipandishia Mombasa bendera yao 1824 kwa maombi ya Mazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala Mombasa, mpango uliokufa 1826. Kando yake ngazi zinashuka hadi majini. Bandarini kwenyewe bado hutia nanga jahazi moja moja. Ukitaka kupiga picha hapo, muulize kwanza askari wa lango. Akikataa, amekataa.

Sasa ulinganishe misikiti miwili. Msikiti wa Mandhry, unaokadiriwa kujengwa mwaka 1570, una mnara mnene unaochongoka juu, mweupe, wa kisasa hata kidogo hauna. Hatua chache kutoka hapo kuna msikiti wa Mabohora, Waislamu wa asili ya Kihindi, wenye mnara mrefu mwembamba wa mtindo wa Bara Hindi. Waislamu wote hao, bahari moja, lakini kila mmoja alikuja na fundi wake. Ukitazama hivyo utaanza kuusoma mji mzima: Washihiri waliotoka Hadhramaut, Yemen, wakauza maji, kahawa na baadaye rejareja ya kila mtaa; Mablushi, waliokuja wakiwa askari wa Waomani na wakaishi Makadara, ambako msikiti wao upo hadi leo, karibu na ninapoegesha; Mabadala, mabaharia wa Kutch, magharibi mwa India; Magoa, makarani na washonaji; Wangazija wa visiwa vya Komoro, masharifu na mafundi.

Kuna jambo nalisikia kila wiki kutoka kiti cha nyuma, kwamba Wahindi wote waliletwa na reli. Sivyo. Vasco da Gama alipofika pwani hii 1498 aliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi Malindi. Reli, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Ziwa Victoria 1901, ilileta vibarua na mafundi wapatao 32,000, na waliobaki baada ya mikataba kwisha hawakufika 7,000. Wenye maduka wengi walikuja kwa nauli zao wenyewe, mmoja akimvuta mpwa wake, mpwa akimvuta jirani. Alidina Visram, ambaye shule ya sekondari ya hapa ina jina lake, alikuwa mtoto wa Kutch. Alipofariki 1916 maduka yake yalikuwa yamefuata njia ya reli mpaka Uganda.

Watu na adabu

Salimia. Ukipita baraza yenye wazee watatu bila kutoa salamu, umekwisha kujifungia mlango, hata kama umebeba ramani nzuri. "Salaam aleikum" inatosha kwa wote, na "shikamoo" kwa mzee haikataliwi. Ukishasalimia, uliza swali dogo: nyumba hii ni ya kina nani? Usianze na swali la kabila. Mzee mwenyewe atakufikisha kwenye kabila, na kwenye meli, na kwenye kesi ya shamba la babu yake, jipe muda.

Mavazi yafunike mabega na magoti, wake kwa waume. Wanawake wa mtaani usiwapige picha, hata kwa mbali, hata kwa mgongo. Watoto watakuomba uwapige. Muulize mama kwanza. Msikitini usiingie bila kukaribishwa. Hekalu la Majeni, lile la marumaru nyeupe Barabara ya Langoni, hupokea wageni asubuhi, ila acha nje viatu, mkanda na mkoba wowote wa ngozi. Kuna ndugu zangu hudhani wanaonewa wakiambiwa hivyo. Ni dini yao kutodhuru mnyama, na mgeni ni wewe.

Tumbo nalo litembee

Hapa nitakaa kidogo.

Anza na kahawa tungu. Muuzaji anakaa na dele la shaba juu ya makaa, vikombe ni vidogo visivyo na mkono, na mezani pana kashata au tende. Keti. Kahawa ya kubeba mkononi ukitembea haipo. Hapo ndipo utasikia nani amefariki, nani anaoa na timu gani imefungwa, na hapo ndipo utaulizwa unatoka wapi, swali ambalo kwetu si la dharau.

Jioni inapokolea tafuta viazi vya karai, vilivyovishwa unga na kukaangwa, vikiliwa na chatini ya ukwaju. Pana bhajia, katlesi, sambusa, mishkaki ya makaa. Usijaze tumbo mahali pamoja. Nunua kidogo kidogo, kila meza ina mama mwenye mkono wake. Ambaye ikikaribia saa mbili karai lake limebaki tupu ndiye wa kumrudia kesho. Asubuhi kula mahamri na mbaazi za nazi. Biriani iache ya Ijumaa au Jumapili, siku inapopikwa kwa wingi. Halwa nunua ya moto ukiikuta. Hii ni ya Waomani na kila mpishi ana kiasi chake cha hiliki, ambacho hatakwambia.

Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na limau kaile Lighthouse, Barabara ya Mama Ngina, jua likiwa linashuka na meli za mizigo zikiingia Kilindini karibu nawe kabisa. Ukiwa na watoto, hapo utawapumzisha vizuri kuliko popote.

Siku ya pili asubuhi nenda Marikiti, soko la viungo. Usinunue pakiti iliyofungwa tangu lini hujui. Omba usagiwe mbele yako bizari ya pilau: bizari nyembamba, mdalasini, karafuu, hiliki, pilipili manga. Zafarani ya bei ya kutupa si zafarani, ni rangi; tia nyuzi mbili kwenye maji, ya kweli hutoa rangi polepole na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Achari ya embe onja kwanza, nunua siku ya kuondoka, na funga chupa kwa mifuko miwili.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi Mtaa wa Biashara, mtaa wa leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza 1887, na leso zake bado zinachapwa "Mali ya Abdulla" ukingoni. Hata wakwe zangu Lamu huangalia maneno hayo kabla ya kusifu zawadi. Soma jina la leso kabla hujalipa. Kuna majina ya mapenzi, kuna ya dua, na kuna ya kumtukana jirani, na muuzaji mwenye haraka hatakuonya. Ukimpelekea mama mkwe leso ya kumwambia "Hasidi hana sababu", safari nzima imeharibika. Zinauzwa mbili zikiwa zimeungana. Mafundi wa hapo hapo watakukatia na kupinda ncha ukingoja.

Kuhusu nauli za tuktuk, mimi mwenyewe nakwambia: usimuulize dereva. Muulize muuza madafu au mwenye duka, "Kutoka hapa hadi Lighthouse watu hulipa ngapi?" Kisha mwambie dereva bei hiyo kabla hujaketi. Akicheka, umepatia.

Kwenda Lamu

Tiketi ya basi kata siku moja kabla, ofisi nyingi ziko Mwembe Tayari. Chagua basi la kwanza la alfajiri, kiti cha kushoto, maana asubuhi nzima jua liko kulia. Utapita Malindi, Garsen, Witu, ambako Wajerumani walijifanya walinzi wa sultani tangu 1885 hadi 1890, kisha Mokowe, mwisho wa barabara. Beba kitambulisho au pasipoti mfukoni, si ndani ya begi la juu, kwa sababu baada ya Garsen kuna vizuizi vya ukaguzi na abiria huteremshwa. Wiki ya safari sikiliza habari na uulize ofisi ya basi hali ya njia. Kukiwa na neno, ahirisha au panda ndege hadi uwanja wa Manda, ambao unatazamana na mji wa Lamu, mkono wa bahari tu katikati.

Mokowe vijana watakupokea begi kabla mguu haujagusa chini. Lishike mwenyewe. Boti ya abiria wote ni rahisi na hungoja kujaa. Boti ya haraka ni ghali na haingoji. Nauli mpe nahodha, si aliyekuonyesha boti. Koti la kuokolea lidai, hata wenyeji wakikucheka.

Mle ndani ya Lamu

Mke wangu hunitania kila tunaposhuka gatini kuhusu vita vya Shela. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Mazrui wa Mombasa, wakishirikiana na Pate, kisiwa jirani, waliivamia Lamu, wakapigwa ufukweni Shela, kijiji cha kisiwa hicho hicho cha Lamu, hadi wakakimbilia vyombo vyao, na maji yalikuwa yamekupwa. Baada ya hapo watu wa Lamu wakamwita Seyyid Said wa Oman awalinde, na ile ngome katikati ya mji ikakamilika 1821. Mtu wa Mombasa akibishana sana sokoni Lamu, atakumbushwa Shela. Nimezoea.

Lamu ina sehemu mbili, na hapa siku zako za Mombasa zinaanza kulipa. Mkomani, upande wa kaskazini, ni nyumba za mawe ya matumbawe za wenye mji wa asili: daka la kukaribishia wageni mlangoni, kuta za ndani zenye zidaka, yaani vishubaka, za plasta. Langoni, kusini, ni kwa waliokuja: Wabajuni wa visiwa vya juu, Washihiri, Wangazija, wenye vibanda vya makuti kabla ya kujenga mawe. Watalii hupelekwa Mkomani. Nenda, ni pazuri, na UNESCO iliuandika mji huu urithi wa dunia 2001 kwa sababu hizo. Lakini usiikose Langoni. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, aliishi huko, akawasomesha watoto ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao, na Msikiti wa Riyadha alioanzisha ndio leo unaowavuta watu wa pwani nzima kwenye Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita. Ukija Maulidi, tafuta chumba mapema sana. Wenye nyumba hulaza wageni hadi sebuleni. Utaona zefe, yaani maandamano ya kaswida, matari, mashindano ya punda na ya majahazi.

Vichochoro ni vyembamba, na ukisikia "Simile!" nyuma yako usigeuke kutazama, bana ukutani kwanza. Punda aliyebeba mchanga hana breki.

Malazi: mjini kama unataka watu, Shela kama unataka mchanga. Chumba cha juu kabisa ndicho chenye upepo, na hulipiwa zaidi kwa haki. Uliza chandarua, uliza maji ya kisima au ya bomba, uliza adhana iko karibu kiasi gani ikiwa usingizi wako ni mwepesi. Kupanda Shela kutoka mjini kwa miguu ni kama dakika arubaini na tano kando ya bahari, maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, sehemu ya njia huzama na utapanda boti. Ufuko wa Shela unakwenda kilomita zipatazo 12 bila kivuli. Beba maji, nenda na mwenzio, usitokomee peke yako kwenye vilima vya mchanga, na ukirudi kijijini jifunge kanga juu ya nguo ya kuogelea.

Safari ya jahazi patana na nahodha mwenyewe, na patana mambo yote kwa mara moja: saa ngapi, wapi, nani ananunua samaki, nani anabeba maji ya kunywa, injini itawashwa upepo ukikata au la. Nusu ya ugomvi wa jahazini unaanzia kwenye samaki.

Ukiweza kwenda mahali pamoja tu, nenda Takwa, magofu yaliyo kisiwa cha Manda. Mji ule ulihamwa karne ya 17 na wengi wa watu wake wakavuka kwenda Shela. Msikiti mkuu una nguzo juu ya ukuta wa kibla, na watu wa Shela bado huenda kuomba dua ya mvua kwenye kaburi la mnara. Kufika kwake ni kwa mlango wa mikoko, na hapo ndipo watu hukwama. Muulize nahodha kama ni bamvua au maji mafu. Bamvua maji hujaa sana na hukauka sana: unaingia kwa raha, lakini ukichelewa dakika chache chombo kinalala kwenye tope na utangoja maji mengine na mbu wote wa Manda. Nahodha mzuri atakwambia saa ya kutoka kabla hujamwuliza. Asipoitaja, tafuta mwingine.

Kurudi, basi huondoka Mokowe asubuhi mapema, kwa hiyo boti ya gatini ni ya alfajiri na gizani. Patana nayo tangu jana yake, lipa nusu, na mwambie nahodha jina la nyumba uliyolala, si namba ya simu peke yake. Simu ya alfajiri Lamu hupokelewa na mtu aliye msikitini.